Maabara Iliyotunzwa Mno

Silasi alikuwa mtu wa usafi, hilo hakuna wa kubisha. Kila Jumamosi aliacha duka lake la nafaka pale Nyakato, Musoma, akaenda kufagia maabara ya dada yake, akapangusa madirisha, akafunga. Vifaa vilikaa kabatini kama vikombe vya wageni. Majirani walimsifu sana.

Dada yake ni Gaudensia, mwanafizikia. Mtoto wa wavuvi wa Kiriba, huyo! Alisoma hadi ng'ambo, akapima mwanga maisha yake yote, mashine nyingine akiziunda mwenyewe. Alipostaafu chuo kikuu hakujenga ghorofa. Alijenga maabara, akazunguka kuomba vifaa, ili watoto wa Musoma, Bunda na Butiama wajifunze fizikia kwa mikono, siyo kwa kukariri. Kisha akaugua, akakaa Dar es Salaam miaka akitibiwa. Mwaka huu madaktari wakamruhusu arudi nyumbani, na ndugu wote walielewa maana yake.

Silasi alimfungulia kabati kwa furaha. Lahaula! Lenzi zimeota kuvu. Betri zimevuja ndani ya mashine, nyaya zimeliwa na kutu.

"Watoto walivitumia lini mara ya mwisho?" Gaudensia aliuliza.

"Hakuna aliyegusa, dada. Walikuwaga wanakuja, nawarudisha. Nilikuwa nakutunzia."

Gaudensia akakaa sakafuni, akalia. Silasi hakuwahi kumwona akilia, hata walipomzika mama yao. Gaudensia alisema kazi yake imemtangulia kufa. Silasi aliona heri angetukanwa.

Mwishowe dada akamwita kitandani, akamweleza kwa sauti ndogo. Kioo kikifungiwa kwenye unyevunyevu huota kuvu. Kinataka hewa na kitambaa kikavu, kisafi. Mashine isipotumika, betri zitolewe. Ila dawa kubwa ni kutumia.

"Kifaa kikiharibika mkononi mwa mtoto, kimeacha kitu kichwani mwake," alisema. "Kikiharibika kabatini, kimeacha nini?"

Silasi alimtafuta Rhobi, mwalimu wa fizikia wa shule ya jirani, wakasafisha kilichosafishika. Vingi vilikuwa vimekwisha, wakavitupa huku roho ikimuuma Silasi. Kisha akaacha mlango wazi. Watoto walianza kuja wawili watatu, halafu wakajaa. Kila walipogusa kitu, Silasi alisogea kuwazuia, kisha akarudi kwenye ufagio wake. Gaudensia hakuweza tena kuinuka kwenda kuwaona.

Jioni moja Silasi alisimama mlangoni kwa dada yake, mikono nyuma.

"Dada, wamevunja lenzi ile kubwa. Ndiyo pekee iliyokuwa imebaki."

"Walikuwa wanafanya nini?"

"Wanagombania zamu."

Gaudensia akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na Silasi akamshika mgongo asianguke.

"Basi watafutie nyingine," alisema.