Sauti ya Mama Mastura

Kila jioni, majani ya chai yakishapimwa kituoni, Zamzam na nyanya yake walirudi nyumbani Kabianga na kukaa jikoni kumngoja mama. Hawakumngoja aingie mlangoni. Walingoja simu. Nyanya aliiegemeza dirishani, karibu na kibuyu cha maziwa, kwa sababu hapo tu ndipo mtandao uliposhika vizuri. Kisha alisugua vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, akaanza kusonga ugali huku akitupia dirisha jicho.

Mama yake Zamzam, Mastura, alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya mbali, upande wa Marsabit. Alikuja nyumbani wakati wa likizo tu. Zamzam alikuwa na mtandio mmoja ambao mama aliuacha kitandani siku ya kuondoka. Nyanya alipotaka kuufua, Zamzam aliuficha chini ya godoro, maana bado ulikuwa na harufu ya mama.

Mama alikuwa msemaji. Majirani walitania kwamba Mastura akikusalimia asubuhi, ng'ombe wako watakamwa saa sita. Sauti hiyo ndiyo Zamzam aliyoikosa zaidi.

Jioni moja simu ililia mapema.

"Zamzam! Nyanya yuko? Sikilizeni nyote. Kesho saa moja jioni mwangalie habari. Watu wa runinga wamekuja hapa kwa sababu ya ukame. Nimeongea nao nusu ya asubuhi!"

"Umesema nini, Mama?"

"Chanjo, maji, watoto wanavyopata nafuu. Na kuna kitu kingine nimesema, lakini sikwambii. Utakisikia mwenyewe."

Usiku ule Zamzam alichelewa kupata usingizi. Kesho yake, kabla ya kengele ya kwanza, darasa zima lilikuwa na habari.

"Mamako? Kwenye runinga?" Kiplangat aliuliza. "Atasema nini, 'Meza dawa, usiteme'?"

Wenzake wakacheka. "Njoo jioni kwa hoteli ya Mzee Mathew pale sokoni ujionee," Zamzam alimjibu. "Na ufunge mdomo, nisikie."

Goti la Nyanya lilikuwa linamsumbua, hakuweza kupanda mlima hadi sokoni. "Enda na rafiki yako Janeffer," alimwambia. "Shika kila neno, uniletee."

Hoteli ilijaa. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wakinywa chai, na watoto wakabanana kwenye benchi ya mbele. Mzee Mathew aliongeza sauti ya runinga. Ilionekana ardhi kavu, kisha mbuzi waliokonda, kisha mama! Alikuwa amevaa hijabu yake ya kijivu, amembeba mtoto mgonjwa. Midomo yake ilikuwa ikienda haraka, kama kawaida yake.

Lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanamume, na chini yake ulipigwa muziki wa huzuni.

"Wanawake wa Kiislamu wa eneo hili hawana sauti," alisema mwanamume huyo. "Kama mama huyu, husubiri msaada kimya kimya, wasijue watakula nini."

Picha ikabadilika. Wakaanza kutangaza habari za mpira.

Zamzam aliendelea kutazama, akidhani mama angerudi. Hakurudi.

"Aai, Zamzam!" Kiplangat alisema. "Ulisema ni nesi. Kumbe anapiga foleni ya unga!"

Benchi nzima ikamgeukia. Zamzam alihisi masikio yakichemka. "Huyo si mama yangu," alisema. "Mama hawakumwonyesha."

Janeffer alimjua Mama Mastura vizuri. Alimtazama rafiki yake kwa mshangao.

Nyumbani, Nyanya alikuwa amekaa mlangoni na leso mabegani. "Haya, niambie. Alisema nini?"

"Stima ilipotea, Nyanya. Hatukuona."

Nyanya alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Si kitu," alisema. "Lakini nilitaka sana."

Simu ikalia dirishani. Nyanya akaibonyeza ili wote wasikie.

"Mliniona? Hapa hatuna runinga, sisi tunawategemea nyinyi. Zamzam, ulisikia nikikusalimia? Nilisema jina lako! Nilisema, namsalimu binti yangu Zamzam kule Kabianga, mwambieni kwamba kila jioni nageukia upande wa kwetu. Yule mwandishi akacheka, akasema ni sawa. Ulisikia?"

Zamzam alifungua mdomo ili aseme tena habari ya stima. Badala yake alianza kulia.

"Mama, hawakukuacha useme. Mtu mwingine aliongea juu yako. Alisema huna sauti na unangoja chakula. Watu wakacheka, na mimi... mimi nikasema si wewe."

Upande wa pili ulisikika upepo tu. Nyanya aliweka kikombe chini, lakini hakumkemea.

"Yule mwandishi nitamtafuta mimi," mama alisema mwishowe, polepole. "Hilo lako ulilisema kwa kinywa chako, mwanangu. Lirekebishe kwa kinywa chako."

Asubuhi Zamzam alimfuata Mwalimu Nyambeki, mwalimu wa darasa lake, akamweleza yote. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwita Kiplangat.

"Wewe umeona wanawake wenye hijabu mara ngapi kwenye habari?"

"Mara nyingi, Mwalimu. Huwa wanalia, ama kumetokea ubaya."

"Na umewahi kumsikia mmoja akieleza kazi yake?"

Kiplangat alikuna kichwa. "Hapana. Kwani hao huongea?"

"Ijumaa tutajua," Mwalimu alisema.

Ijumaa, gwaride la asubuhi lilipangwa uwanjani. Nyanya alikuwa ameletwa kwa pikipiki, akawekewa kiti mbele. Zamzam alisimama mbele ya shule yote.

"Yule mama mliyemwona kwenye runinga ni mama yangu," alisema. "Nilimkana kwa sababu niliona haya. Nilidanganya. Jina lake ni Mastura, na ni muuguzi."

Mwalimu Nyambeki aliweka simu karibu na kipaza sauti.

"Chamgei!" sauti ya mama ikawasalimu kwa Kikipsigis, ikajaa uwanja mzima.

"Chamgei mising!" wanafunzi wakaitikia kwa kishindo. Nyanya alifumba macho, akatabasamu.

Mama aliwaeleza jinsi anavyopima watoto, na jinsi wanawake wa huko walivyochimba kisima kwa kupokezana. Akasema amempata mhariri wa runinga ile, naye amekubali kuonyesha tena habari ile Jumapili, mara hii kwa sauti yake Mama mwenyewe. Kisha Kiplangat akasukumwa na wenzake hadi kwenye kipaza sauti.

"Mama Zamzam, mimi ni Kiplangat. Nilisema... nilisema unapiga foleni ya unga. Nisamehe."

"Kiplangat mtoto wa Edinah? Mimi ndiye niliyekudunga sindano ya surua hapo Kabianga ukiwa mdogo! Ulinipiga teke, ukakimbia bila suruali!"

Gwaride lote lilivunjika kwa kicheko. Hata Kiplangat alicheka, amejifunika uso.

Zamzam akapewa simu. Alikuwa amepanga maneno mengi, lakini aliuliza jambo moja tu.

"Mama, unakuja lini?"

"Shule zikifungwa, mwanangu. Nami nahesabu siku kama wewe."

Mtandao ukakatika. Zamzam alibaki na simu sikioni kidogo, kana kwamba upepo wa Marsabit ungeendelea kumwambia kitu.

Mwalimu alimruhusu Zamzam amsindikize Nyanya, wakarudi nyumbani taratibu, Nyanya akiegemea bega lake. Pande zote mbili za njia wachumaji walikuwa kazini, vikapu mgongoni.

"Nyanya, bado umenikasirikia?"

"Niliumia," Nyanya alisema. "Yule mtangazaji hamjui mamako. Aliona nguo yake tu, akajaza mengine mwenyewe. Hilo ni kosa, na watu wengi hulifanya. Ukitaka kujua habari za mtu, mwache aseme. Lakini wewe unamjua, Zamzam. Anayeujua ukweli akinyamaza, uongo wa wageni hupata mahali pa kukaa."

Zamzam aliushika mkono wa Nyanya vizuri zaidi. Jumapili haikuwa mbali, na safari hii wangepanda pamoja hadi hoteli ya Mzee Mathew, hata kama ingebidi ambebe.