Chai Ambayo Zipora Hakuinywa

Kila asubuhi nyumbani kwao Majengo, Zipora alikuwa akijichoma sindano ya insulini ya kushusha sukari, kisha anakaa na kunywa chai kwa viazi. Ndiyo ilikuwa kawaida yake tangu alipogundulika kuwa na kisukari.

Lakini siku ya safari ya kliniki Dar es Salaam, nyumba ilijaa kama kuna harusi. Majirani walifika kumwona mtoto anayepanda ndege. Huyu anatuma salamu, yule anataka picha. Zipora alijichoma sindano, akaacha kikombe mezani na kukimbilia picha.

"Umekula?" mama aliuliza Zipora alipokuwa akitoka na Mjomba Gideoni, aliyemsindikiza.

"Nimekula, mama."

Ndege ilikuwa bado inapanda simu yake ilipolia. Kifaa kidogo cha mviringo kilichobandikwa mkononi mwake kilipima sukari na kutuma namba kwenye simu: 3.6, chini ya kiwango salama cha 4, mshale ukielekea chini. Akaizima sauti.

"Nani anakupigia huku juu, malaika?" Mjomba Gideoni alimtania.

"Hakuna kitu, mjomba."

Jasho lilimtoka. Vidole vikaanza kutetemeka. Namba ikawa 3.1.

"Mjomba, ile glukosi ya kupandisha sukari iko wapi?"

"Kwenye begi kubwa. Niliogopa watatunyang'anya pale kwenye ukaguzi."

Begi kubwa lilikuwa chini, kwenye mizigo. Akisema, mama atajua alidanganywa, na safari za ndege zitakuwa zimeisha. Asiposema, je? Huku juu hakuna duka, hakuna jirani wa kugongea mlango. Viti vya mbele vilianza kumchezea machoni. 2.8.

"Mjomba," alisema, ulimi mzito, "sikula. Nilijichoma sindano, sikula. Nitakufa?"

Mjomba aligeukia abiria, akapaza sauti. "Jamani, huyu mtoto ana kisukari na sukari inashuka. Nani ana kitu kitamu?"

Mikoba ikafunguliwa. Kutoka viti vya nyuma ilikuja paketi ya juisi, ikapita mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu waliofunga mikanda. Pipi zikafuata. Jenifa, mhudumu wa ndege, alikuja akijishikilia kwenye viti, akamshikia mrija mdomoni.

"Kunywa yote, mdogo wangu. Usiongee."

Dakika kumi na tano zilikuwa ndefu kuliko mwaka wa shule. Hatimaye simu ikaonyesha 4.3, na Jenifa akaleta biskuti.

"Mimi nimekosea," mjomba alisema taratibu. "Glukosi inakaa mkononi mwa mgonjwa, si kwenye mizigo. Lakini kifaa kilikuonya mapema, ukakinyamazisha. Mama alikuuliza, ukamdanganya. Ukikosea, Zipora, sema hapo hapo, tukiwa bado na la kufanya. Tukitua, utampigia mama umwambie mwenyewe."

"Atanigombeza."

"Atakugombeza sana," mjomba alisema, akimfuta jasho. "Na utakuwepo wa kugombezwa."