Nadège Aliyefungua Kinywa Bila Sauti

Wazazi wa Lweba, na ninyi nyote mnaolea watoto kuanzia Baraka mpaka huko juu Fizi, nyumba ninayotaka kuwaeleza si ya mbali. Mnaipita kila mkienda ziwani kufua.

Ni nyumba ya Norbert, fundi wa mitumbwi, na mke wake Arlette. Mungu aliwapa Nadège, msichana wa miaka tisa, na Guy mdogo ambaye wakati ule alikuwa bado anajifunza kusema. Jumamosi asubuhi ungemkuta Arlette anatwanga mihogo na Nadège anaosha sahani, na wimbo unatoka kinywani mwa mama, unaingia kinywani mwa binti, unarudi tena kwa mama. Majirani walizoea kuwasikia. Siku ambayo Arlette alikuwa shambani, walisema mtaa umepoa.

Norbert aliwapita wote kwa kuimba. Yeye ndiye aliyeongoza kwaya ya watoto kanisani, na sikio lake lilikuwa la ajabu. Sauti moja ikiteleza katikati ya sauti thelathini, alijua ni ya nani. Lakini alishika fimbo ya mwanzi mkononi, na maneno yake yaliuma kuliko ile fimbo. Mtoto huyu alimwita chura, yule alimwita sufuria iliyotoboka. Wazazi tulijua. Tulisema ndivyo watoto wanavyonyooka, na siku za sikukuu, kwaya ilipoimba bila kosa hata moja, tulimpigia Norbert makofi.

Ikafika Jumapili moja ambapo wachungaji walitoka Baraka kuja kusikiliza kwaya zetu, ili wachague zitakazokwenda kwenye kusanyiko la watoto siku ya Pentekoste. Norbert alimpa binti yake heshima ya kuanzisha wimbo. Nadège alianza juu kidogo kuliko alivyopaswa, kwa sababu ya hofu. Wimbo ulipopanda, sauti ikamkatikia.

Norbert akasimamisha kwaya. Hakupandisha sauti yake, lakini mabenchi yote yalisikia.

"Tangu leo," akamwambia, "we utafunguaka tu kinywa. Sauti usitoe."

Watu wengine walicheka. Wageni waliinama wakatazama viatu vyao. Nadège alirudi katika mstari, na mpaka ibada inaisha alifungua kinywa na kukifunga pamoja na wenzake, kama samaki aliyetolewa majini.

Ndugu zangu, mtoto akivunjika mkono, tunaona mkono umevimba na tunamkimbiza hospitali. Akivunjika ndani, tunasema ana kiburi. Nadège aliacha kuimba. Wiki zilizofuata aliacha hata kusema. Ukimuuliza kitu, anajibu kwa kichwa. Shuleni mwalimu alimwita aje kusoma ubaoni, naye akasimama tu akiangalia chaki. Mtoto mkubwa vile akaanza tena kukojoa kitandani, na asubuhi alianika mkeka wake nyuma ya nyumba kabla jua halijatoka, ili baba asione.

Arlette alimwambia mume wake. Alingoja siku aliyorudi kazini na moyo mzuri, akamwekea bukari, ule ugali wa mihogo, na ndagala za ziwani, akamwacha ashibe kwanza.

"Baba Nadège, huyu mutoto anaisha."

Norbert alijibu kwamba yeye pia alipigwa. Mwalimu wake wa kwaya alimpiga mpaka vidole vikavimba, na bila ile fimbo asingekuwa mtu.

"Sijue ungekuwa nani," Arlette akasema. "Lakini miaka yote tuko pamoja, sijakuonaka unaimba na unafurahi."

Norbert aliosha mikono, akatoka.

Sasa shamba la Arlette liko njiani kwenda Lusenda, kule kambi ya ndugu zetu wa Burundi. Shamba la jirani alilikodi mama mmoja mkimbizi, Gloriose. Huko kwao alikuwa mwalimu, na katika chuo alichosomea alifundishwa muziki. Alivuka mpaka na wanawe mwaka kambi ilipofunguliwa, na tangu hapo analima mihogo na maharage kama sisi wote. Alasiri, kazi ikiisha, watoto wake na wa majirani walikusanyika kwenye kivuli cha michikichi, naye anawaimbisha. Hakukuwa na kinanda wala gitaa. Walikuwa na sauti zao na mikono. Ngumi usawa wa tumbo ilikuwa sauti ya chini, ile inayobeba nyingine zote. Mkono ukipanda, sauti inapanda nao. Mtoto aliona wimbo kwa macho kabla haujafika kooni.

Nadège alikuwa akiketi mbali, karibu na kikapu cha mama yake, anatazama. Gloriose hakumwita. Alimwambia tu Arlette kwamba mtoto huyu anasikiliza sana, amwache asikilize. Siku moja Arlette aliinua kichwa kutoka kwenye jembe akaona mkono wa Nadège unapanda na kushuka pamoja na mikono ya wengine. Kinywa kilikuwa kimefungwa. Lakini mkono ulikuwa unaimba.

Arlette aliogopa kumwambia mume wake. Hilo lilikuwa kosa lake, kwa sababu jambo la nyumbani likijulikana kwanza barabarani, linafika nyumbani limekwisha kuharibika. Dereva mmoja wa pikipiki alimtania Norbert pale gatini kwamba mwanawe amehamia kwaya ya wakimbizi. Norbert aliweka randa chini, akaenda.

Aliwakuta kivulini. Gloriose alimsalimu, akamwomba aketi. Norbert hakuketi.

"Nimekuja kutwaa mutoto wangu," akasema. "Bakimbizi hamuwezi kunifundisha kuimba."

Arlette alitaka kusema, akashindwa mbele ya watu. Norbert akamshika Nadège mkono, na mtoto akamfuata bila kulia, kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Kesho yake ilikuwa siku ya mazoezi. Watoto waliofika walikuwa wachache. Tangu ile Jumapili ya wageni, wengine waliumwa tumbo kila siku ya kwaya, wengine walitumwa maji wasirudi. Norbert alimweka Nadège mbele, akasema leo ataimba, atake asitake, watu wajue ni nani mwalimu wake. Akainua fimbo kuhesabu.

Nadège alifungua kinywa. Alikifungua vizuri, akakifunga, akakifungua tena, mstari mzima wa wimbo, na hakuna sauti iliyotoka. Watoto wengine walimwangalia, kisha wakaiangalia fimbo. Hakuna aliyethubutu kutoa sauti.

Norbert akauliza anafanya nini.

Mtoto akajibu, polepole, na lilikuwa neno la kwanza kumwambia baba yake tangu siku nyingi:

"Baba, ulisema nisitoe sauti."

Hakusema kwa dharau. Hilo ndilo lililomchoma Norbert. Mtoto alikuwa anamtii. Wiki zote zile alikuwa anatii, na baba alidhani ni kiburi. Norbert aliwaambia watoto waende nyumbani, akabaki kwenye benchi peke yake. Alikumbuka vidole vyake vilivyovimba, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma yule mtoto aliyekuwa yeye.

Norbert hakubadilika siku ile ile. Mtu mzima hageuki kama mkate wa kukaanga. Zilipita siku kadhaa anakwenda kazini na kurudi tu. Kisha alasiri moja aliacha kazi mapema, akachukua njia ya Lusenda kwa mguu.

Alimwambia Gloriose kwamba amekuja kuomba msamaha kwa lile neno la wakimbizi, na kwamba amemharibu mtoto wake na hajui kumtengeneza. Gloriose alimjibu kwa Kiswahili chake cha Burundi:

"Karibu, mwalimu. Lakini hapa wote wanaketi chini."

Norbert, mtu mzima na ndevu zake, aliketi kwenye nyasi katikati ya watoto. Gloriose akamwomba aanzishe wimbo wa bibi yake, wa Kibembe. Norbert akaona haya. Nyimbo za bibi alikuwa amezitupa zamani, akidhani ni mambo ya porini yasiyofaa kwa mwalimu wa kwaya. Alikumbuka mwanzo tu, wimbo wa kuvutia mtumbwi nchi kavu. Gloriose aliusikiliza, akawaonyesha watoto kwa mkono, na muda mfupi baadaye watoto wa Burundi walikuwa wanaimba wimbo wa Babembe kana kwamba walizaliwa Lweba.

Mwimbaji aliyepoteza alama za mkono alikuwa Norbert mwenyewe. Alipopaswa kushusha, alipandisha. Alikaza mabega akingoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Gloriose alirudi nyuma kidogo, mpaka ile sauti ambayo Norbert aliijua vizuri, wakaanzia hapo tena.

Baadaye Gloriose alimweleza Norbert alikoyatoa haya. Kulikuwa na mtunzi mmoja mkubwa wa muziki, wa nchi ya Hungaria, ambaye ameshakufa siku nyingi, na jina lake ni gumu kwa ndimi zetu. Mtunzi huyo alizunguka vijiji vya kwao akikusanya nyimbo za wakulima, akawaandikia watoto nyimbo za kwaya za sauti mbili na tatu, nzuri kama zile za wakubwa. Alifundisha kwamba muziki ni wa kila mtoto, wala si wa wachache wenye kipaji. Mtoto aanze na sauti yake mwenyewe, na nyimbo za lugha aliyonyonya kwa mama yake. Chuoni Gloriose aliziimba nyimbo hizo, sauti moja ikianza, nyingine ikiifuata nyuma na kuishika mkono.

"Mtoto anajifunza kutembea kwa kuanguka," akasema. "Sijaona mzazi anampiga mtoto kwa sababu ameanguka akijifunza kutembea. Anamwinua, anamwambia njoo. Na sauti ni vilevile."

Norbert alirudi nyumbani, akamkuta Nadège anachambua sombe, majani ya mihogo. Akachuchumaa mbele yake, akamwambia kwamba alikosa, kwamba sauti yake ni nzuri, na kwamba hata ingekuwa mbaya bado asingekuwa na haki ya kuizima. Nadège alisikiliza, akaendelea kuchambua majani. Norbert alitegemea mtoto atamrukia shingoni. Haikuwa hivyo. Jumapili, kwa vile aibu aliifanya mbele ya watu, alisimama mbele ya watu akakiri. Mzee mmoja wa kanisa alinung'unika kwamba baba akiomba mtoto msamaha, dunia imepinduka. Norbert alimwacha anung'unike.

Jumamosi zikawa za watoto wote, wa Lweba na wa Lusenda, wiki moja huku na wiki moja kule. Waliokuwa wanaumwa tumbo walipona. Wale walioitwa vyura waliwekwa karibu na Gloriose, na taratibu wakapata njia. Nadège alisimama mstari wa nyuma, mkono wake unaimba, kinywa kimefungwa. Norbert hakumsukuma. Alijifunza kungoja, na mniamini, hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchonga mtumbwi.

Pentekoste ikafika. Kwaya yetu haikuchaguliwa, mjue hilo. Lakini wachungaji wa Baraka waliwaruhusu waimbe mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu ili waondoke. Waliimba ule wimbo wa kuvuta mtumbwi, sauti mbili: wa Lweba wakianza kwa Kibembe, wa Lusenda wakiwajibu kwa Kirundi. Watu wakaketi tena. Kulikuwa na makosa, na Norbert aliyasikia yote. Hata hivyo alikuwa anatabasamu, na Arlette, aliyekuwa amembeba Guy, hakumtazama mtu mwingine ila mume wake.

Nadège siku hiyo hakuimba. Aliimba Jumanne iliyofuata, nyumbani, hakuna sikukuu, hakuna mgeni. Alikuwa anasugua sufuria. Norbert alisikia kitu chembamba kama uzi kinatoka nyuma ya nyumba, akaogopa hata kupumua. Alisogea taratibu mpaka pembeni ya ukuta, akasimama. Nadège alimwona. Akaweka sufuria chini, kisha akampa baba yake kazi.

"Baba, we shika ile ya chini. Mimi nitabakia juu."

Norbert akashika ile ya chini. Akaiimba pole sana, ili ya juu isikike.

Mafunzo

Wazazi na walimu, fimbo inaweza kumnyamazisha mtoto, lakini haijawahi kumfundisha kuimba. Mtoto mnayemdhania ana kiburi, ulizeni kwanza ni neno gani mlimwambia ambalo bado analitii. Msimwaibishe mtoto mbele ya watu, na mkikosa, ombeni msamaha pale pale mlipokosea, hata wakubwa wakinung'unika. Tena msidharau mtu kwa sababu amekuja akikimbia vita. Huenda amebeba dawa ya nyumba yako. Na sisi tuliokaa mabenchini tukacheka, tukapiga makofi, tusijitoe: mtoto wa jirani akizimwa sauti nasi tumenyamaza, tumeshika ile fimbo pamoja.