Watoto Wanne Kwenye Pikapu

Keki ilibaki moja na mikono iliyoishika ilikuwa ya watu wawili. Foleni ya Kanivali, sherehe za kabla ya Kwaresima, ilitoka ndani ya duka la Bibi Eulalie mpaka barabarani, na Baton Rouge nzima ilionekana kutaka keki ya wafalme asubuhi ileile. Upande mmoja wa boksi alishika Corinne Arceneaux, gauni la zambarau limemkaa sawasawa, wigi fupi kichwani. Upande wa pili alishika mwanamume mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Kaka, achia."

"Dada, hii foleni nimeianza ningali kijana."

"Basi umeshazeeka, sukari haikufai."

Watu wakacheka. Bibi Eulalie akachukua kisu na kuikata keki katikati. "Nusu kwa nusu. Atakayemkuta mtoto ananunua keki inayofuata, ada ni ileile. Nipisheni, nina watu!"

Mtoto ni kile kisanamu cha plastiki, kidogo kama haragwe, kinachofichwa ndani ya keki. Mwanamume huyo, Octave Fontenot, fundi wa nyumba, akaomba namba ya simu. Eti atajuaje mtoto kaangukia kwa nani? Ujanja wa zamani, lakini Corinne alimpa.

Jioni simu ikaita.

"Mtoto yuko kwako?"

"Hayuko. Nusu yangu nimeimaliza yote. Kwako je?"

"Huku hakuna kitu, mrembo."

"Muongo wewe!"

"Haki ya Mungu! Bibi Eulalie katupunja. Itabidi tununue nyingine, tumtafute pamoja."

Wakamtafuta. Kila Jumamosi Octave alileta keki, wakaila ndani ya pikapu yake kwenye tuta la mto, na kila Jumamosi mtoto hakuonekana. Corinne alicheka sana siku hizo. Lakini hakumruhusu Octave amfikishe nyumbani hata mara moja, alishuka kwenye maegesho ya dukani. Akiulizwa kazi yake, alijibu kwamba anafanya kazi kwa daktari wa meno aliye karibu na duka.

Alikuwa na sababu. Corinne alikuwa nesi mkuu wa kliniki ya kutoa mimba, Mtaa wa Persimmon. Kila asubuhi pale getini walisimama watu wenye mabango ya kupinga kliniki, mifuko imejaa watoto wa plastiki kama wale wa kwenye keki, wakiwatia wasichana viganjani na kuwapiga picha wafanyakazi na magari yao. Ndiyo maana pale kliniki kila mtu aliegesha mbali, alibadilisha wigi, na alimshuku hata mleta piza.

Mwaka ule jimbo likaleta kanuni mpya: korido ya kliniki iwe na upana wa futi nane. Yao ilikuwa na sita. Mkaguzi wa jimbo angerudi Jumatano ya Majivu, siku Kwaresima inapoanza, na akikuta ukuta uko palepale, mlango unafungwa. Wasichana wangelazimika kwenda jimbo jingine, yaani wale wenye gari. Mafundi wote walikataa kazi, maana wa getini wakishapiga picha gari la fundi, jioni wateja wake wanapigiwa simu wamwache. Corinne alikuwa na fundi wake, tena anakula naye keki, na hakuthubutu kumwomba. Moyo wa mtu ni kichaka.

Octave naye alikuwa na lake. Alikuwa amempigia simu yule daktari wa meno, akajibiwa kwamba pale hawana Corinne yeyote.

Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, Corinne alijipaka sukari vidole vyote. "Una kitambaa?" akauliza, huku mkono umeshafungua kisanduku cha mbele cha pikapu.

"Ngoja, usifungue hapo!"

Alichelewa kusema. Watoto wanne wa plastiki walimwangukia mapajani. Kila asubuhi Corinne aliwaona wa namna hii mikononi mwa watu wa getini.

"Octave, hawa wa nini?"

Octave akatabasamu kwa haya, na ile haya Corinne akaisoma kuwa hatia. "Naweza kukueleza, mpenzi."

"Nani kakutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Kumbe ndiyo maana kila siku ni kuniuliza, unafanya kazi wapi, unafanya kazi wapi!"

"Na wewe je? Kwa daktari wa meno hawakujui, nimepiga simu! Sema tu una mume."

"Mume!" Corinne aliufungua mlango kwa nguvu. "Waambie wenzako wa getini, mimi ndiye nesi mkuu wa Mtaa wa Persimmon. Safari hii mnipige picha vizuri."

Akashuka, akaondoka na viatu vyake virefu juu ya nyasi za tuta. Usiku ule simu yake iliita mpaka betri ikachoka. Alilia, tena sana, na hakuipokea.

Jumatatu asubuhi, pikapu nyeupe ilipita polepole katikati ya mabango ya getini pa kliniki, jina la Fontenot limeandikwa ubavuni, halikufunikwa. Kamera zikainuka.

"Octave!" alipiga kelele mama mmoja mwenye kofia ya kanisani. "Nilikuamini nikakupa jiko langu ulijenge!"

"Na linavuja, Bi Hortense?"

"Halivuji!"

"Basi namshukuru Mungu. Habari za asubuhi."

Corinne alifungua mlango kiasi cha mnyororo. "Umetumwa?"

"Nimeleta keki." Aliinua boksi. "Nisikilize. Mtoto wa kwanza alikuwa kwenye nusu yangu. Ningesema ukweli, ningekununulia keki moja, tungeagana. Hao wengine niliwachomoa kabla ya kukuletea. Nilitaka tuendelee kumtafuta."

"Nipe mmoja."

Alimpitishia kwenye upenyo. Corinne akamgeuza, akamnusa. Wale wa getini hawana harufu. Huyu alinukia mdalasini.

Mnyororo ukafunguka, lakini yeye akabaki amesimama mlangoni. "Utapoteza wateja."

"Wa kwanza keshaondoka, Bi Hortense."

"Kwa nini ujitie humu?"

Octave akatazama viatu vyake. "Dada yangu aliwahi kuendesha gari usiku kucha kwenda jimbo jingine kwa shida hii hii. Peke yake. Aliogopa kuniambia. Sitaki kuogopwa na wanawake ninaowapenda."

"Unaowapenda?"

"Umesikia. Habari za korido yenu mafundi wote tunazo. Nionyeshe ukuta."

Kwa siku mbili Octave alivunja, akausogeza ukuta ukaingia ndani ya stoo, akapaka rangi. Wafanyakazi walikula keki wamesimama kwenye vumbi. "Nani kampata mtoto?" Octave akauliza. Kila mtu akasema si yeye.

Jumatano mkaguzi alikuja na alama ya majivu kwenye paji la uso. Alipima korido, akamtazama Octave, akapima tena. Futi nane. Alipofika mlangoni akasema, "Mwezi ujao zinakuja kanuni nyingine, za madaktari."

"Mtatukuta," alijibu Corinne.

Walipobaki wawili, Corinne alitia mkono mfukoni, akaweka mtoto wa plastiki kwenye kiganja cha Octave.

"Alikuwa kwangu tangu Jumatatu."

"Muongo wewe!"

"Nimefunzwa na wewe. Sasa nadaiwa keki. Ila Kwaresima imeingia, na Bibi Eulalie hapiki tena keki za wafalme mpaka Januari."

Octave alimtazama kwa shaka. "Na mimi nitangojea wapi mpaka Januari?"

"Kwangu. Lakini kwanza tupitie kwa padri, atutafutie siku ya ndoa baada ya Pasaka."

Octave akamtia mtoto mfukoni. Corinne alivua wigi, akalitia kwenye mkoba, akamshika mkono.

"Twende, fundi. Na leo unifikishe mpaka mlangoni."