Vileja Ndani ya Tangi la Samaki

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Najat alipita sebuleni kuwakagua raia wake. Raia hao walikuwa samaki wa dhahabu watano, na makao yao yalikuwa tangi la kioo juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwa baba yake, Mzee Jabiri, mtaa wa Ngarenaro, Arusha. Aliyenenepa kuliko wote aliitwa Diwani. Mwenye mkia mrefu kama shela aliitwa Bibi Harusi. Wawili waliofanana walikuwa Kulwa na Doto, na mdogo wao, asiyekaa mahali pamoja, aliitwa Kitinda.

Kusema kweli, tangi halikuwa lake. Lilikuwa la kaka yake Khalfani, aliyekuwa shule ya bweni Moshi. Siku ya kuondoka, Khalfani alisimama mbele ya kioo kama mtu anayekabidhi nchi.

"Nikirudi likizo nikawakuta wazima, tangi ni lako," alisema. "Nikikuta mambo ya hovyo, nampa Shamsudin."

Najat alishtuka. Shamsudin alikuwa binamu yao, kijana mwema, ila aliwahi kumwogesha sungura kwa sabuni ya unga.

Basi akawatunza samaki wale kwa bidii. Aliyalaza maji ya bomba usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili dawa ya kusafishia maji itoke. Aliwapa chakula kidogo, kile kinachoisha upesi. Samaki waling'aa, naye Najat aling'aa kuwashinda.

Halafu dada yao Tunu akaposwa, na wageni wakaanza kumiminika. Walitoka Kondoa, walitoka Tanga, na wengine walitoka nyumba ya pili. Kila aliyeingia alisimama mbele ya tangi na kusema, "Mashaallah! Nani anayewatunza hawa?"

"Mimi," Najat alijibu, akijitahidi kuonekana mnyenyekevu. Alijitahidi bila mafanikio. Siku moja, ili sifa zizidi, akamwambia mgeni mmoja, "Karibu uwalishe." Mgeni akafurahi sana. Tangu hapo ikawa desturi ya nyumba: ukiletewa chai, unaletewa na kopo la chakula cha samaki. Kopo likiisha, hakuna aliyeaibika. Kulikuwa na makombo ya chapati, kulikuwa na mandazi, na Bibi Twahira, shangazi yake baba, alikuwa na vileja vyake vya Kondoa, biskuti nene za unga wa mchele.

Asubuhi moja, siku chache kabla ya Khalfani kurudi, Najat alipita sebuleni akakuta maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Diwani alikuwa juu kabisa, akitweta mdomo nje kama mpanda mlima. Kulwa na Doto walikuwa wamekunja mapezi. Kitinda alielea ubavu, na hakutikisika tena.

Akazikwa chini ya mpapai kwa heshima zote. Hata paka wa jirani alihudhuria, kwa sababu zake mwenyewe.

Jioni Mzee Jabiri alilitazama tangi na kutoa hukumu. "Ni maji haya ya mlimani. Tazama meno yangu." Akayaonyesha, yalivyo na rangi ya chai tangu utoto wake Usa River. "Maji yaliyofanya hivi meno ya mtu mzima, yatamwacha samaki?"

"Ni kweli, Baba," Najat akasema haraka. Maji yalikuwa mshtakiwa mzuri. Hayakuwa na mdomo wa kujitetea. Kesho yake baba akaleta dumu la maji ya kunywa ya dukani, Najat akabadilisha sehemu ya maji ya tangi, na mama akanung'unika kwamba sasa samaki wanakunywa vizuri kuliko yeye. Maji yakatakata hadi adhuhuri. Wageni wa mchana wakaja na chai yao. Jioni maji yakawa meupe tena, na Bibi Harusi naye akaanza kutweta.

Shuleni Najat alimsimulia rafiki yake Nalepo, binti wa mfugaji wa Olmotonyi, ambaye siku za masomo alikaa kwa shangazi yake Sombetini.

"Kwa hiyo maji ni mabaya?" Nalepo aliuliza.

"Mabaya sana. Maji ya mlimani."

"Na kaka yako alikuwa anawawekea maji gani?"

"Hayo hayo."

"Hawakufa?"

"Hawakufa."

Nalepo akacheka. "Wewe nawe! Nyumbani kwetu ng'ombe akivimba tumbo, baba halaumu mto. Anauliza kala nini, na nani kamlisha. Tena anauliza huku anamtazama aliyekwenda machungani, mpaka mtu anatoa jasho."

Najat alihisi ametazamwa vivyo hivyo.

Baada ya vipindi wakaenda wote Ngarenaro. Najat alichukua mpira mwembamba, akaanza kuvuta maji ya chini ya tangi na kuyamwaga ndani ya beseni. Changarawe zilipotikisika, kilichotoka kilinuka vibaya. Kulikuwa na tope la kijivu, na ndani yake vipande vya chapati vilivyovimba, ukoko wa andazi, na kileja kizima cha Kondoa, kimeota ukungu kama manyoya.

"Haya ndiyo maji yako ya mlimani?" Nalepo aliuliza, ameshika pua.

Najat hakucheka. Alielewa sasa. Chakula kilichobaki kilioza, uozo ukageuka sumu ndani ya maji, na samaki walikuwa wakiivuta kila pumzi. Maji hayakukosa. Aliyekosa ni yeye, aliyegeuza tangi kuwa meza ya wageni ili asifiwe.

Aliondoa theluthi ya maji, akaongeza yaliyolala. Sponji ya kuchujia maji aliisuuza katika maji ya tangi lenyewe, bila sabuni, ili visife vile vijidudu vyema vinavyokaa humo na kula uchafu. Akaamua samaki wafunge kula hadi wapate nafuu. Kazi hiyo yote ilikuwa rahisi. Ngumu ilikuwa inakuja mlangoni, na mkoba.

"Hodi hapa!" Ilikuwa sauti ya Bibi Twahira, akifuatana na wanawake wa upande wa bwana harusi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Watoto wangu wa majini hawajambo? Nimewaletea zawadi." Na kileja kikatoka mkobani.

Sebule ilikuwa imejaa. Najat alimwona Diwani, mdomo wake juu ya maji. Akapiga magoti mbele ya kabati.

"Bibi, uniwie radhi. Usiwape."

Mama alimkata jicho ambalo Najat angelikumbuka hadi uzeeni.

"Nisiwape?" Bibi Twahira aliuliza polepole. "Nani aliyeanzisha kuwalisha?"

"Mimi, Bibi. Nilitaka wageni wanisifu. Chakula kinaoza chini na kuwatia sumu. Kitinda amekufa kwa hilo. Baba amelaumu maji, nami nikamwacha alaumu." Machozi yalikuwa karibu, lakini alikwenda jikoni na kurudi na kikombe kizuri cha wageni, kimejaa maji yaliyolala. "Mgeni wa heshima sasa anawamiminia maji safi. Wewe uwe wa kwanza."

Bibi Twahira alikitazama kikombe, akamtazama mtoto. Kisha akarudisha kileja mkobani, akasema bismillahi, akamimina taratibu. Wakwe wakainuka mmoja mmoja kupokea kikombe.

Siku zilizofuata Najat alipunguza maji machafu kila asubuhi, na wageni wakajaza. Maji yakawa maangavu, hata maua ya ukuta wa nyuma yakaonekana kupitia tangi. Diwani akashuka chini na kurudia kiburi chake. Baada ya kufunga kwao, Najat akaanza kuwapa chakula kwa ncha ya kidole.

Khalfani aliporudi, Najat alimpokea mlangoni kabla hajatua sanduku. "Kitinda amekufa, na kosa ni langu." Akaeleza yote, bila kupunguza.

Khalfani akatua sanduku. Bibi Twahira, aliyekuwa bado mgeni, akaingilia.

"Khalfani, mtoto huyu alinikatalia mimi mbele ya wakwe. Marehemu babu yako hakuthubutu kamwe. Tamaa ya sifa ilimkosesha, na maji yakabeba lawama. Lakini alipoujua ukweli aliusema ingawa uliuma, akatengeneza alichoharibu kwa mikono yake. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kukabidhiwa uhai wa kiumbe."

"Basi tangi ni lake," Khalfani akasema, akitabasamu. Alilisogelea, akanyoosha mkono kuchukua kopo la chakula.

Najat akalivuta, mgongo umenyooka, kidevu juu.

"Kaka, hapa sasa wewe ni mgeni. Kikombe kile pale."