Kilichopanda na Mvuke

Ko.

Mara moja tu, kama kidole kinachogonga ukuta kutoka ndani yake. Kiende alifumbua macho gizani akangoja la pili. Halikuja. Mawira alikuwa amelala chali kando yake, na jinsi alivyozuia pumzi ilimwambia mkewe kwamba hakuwa na usingizi.

"Baba Kendi, umesikia?"

"Ni jerikeni. Maji yanapoa."

"Yalikuwa moto saa ngapi?"

Mawira akageukia ukutani.

Asubuhi Kiende aliikuta jerikeni ya njano kwenye kona ya jikoni, imevimba tumbo kama mbuzi aliyekufa juani. Alipolegeza kifuniko, ilishusha pumzi ndefu yenye joto, na ndani ya pumzi ile kulikuwa na harufu ya ngozi mbichi. Kisha harufu ikapotea. Maji yenyewe yalikuwa meupe, safi, mazuri kuyatazama.

Yalikuwa maji ya kiwandani. Mawira aliendesha mashine ya mvuke katika kiwanda cha ngozi nje ya mji, mahali ambapo ngozi za mbuzi na ngamia huoshwa chumvi kabla ya kulainishwa. Zamani maji yale machafu yangemwagwa mtoni. Sasa yaliingizwa kwenye pipa kubwa la chuma, yakachemshwa mpaka yakawa mvuke, mvuke ukapita kwenye mabomba baridi ukarudi kuwa maji, na chumvi na uchafu wote ukabaki chini ya pipa. "Kinachopanda ni maji peke yake," Mawira alipenda kusema, akijipiga kifua kama aliyeyaumba. Na kwa kuwa mifereji ya mtaa wao wa Wabera ilikuwa inakohoa hewa tu, alianza kuyabeba nyumbani kwa pikipiki.

Kiende hakuyapenda. Chai yake ilikuwa baridi ulimini hata ikiwa moto. Lakini Kendi, binti yao, aliyapenda mno. Alikunywa kikombe, akanywa cha pili, akalamba ukingo. Aliamka usiku kunywa. Na kadiri alivyokunywa ndivyo alivyokauka: midomo ikapasuka, ngozi ya mikono ikawa kama karatasi ya sukari, na siku alipoanguka akachubuka goti, alilia bila chozi hata moja.

Hospitalini walimtundikia maji, wakampima damu, wakasema hawaoni kitu. Walirudi naye nyumbani. Kesho yake Kiende alipotandua kitanda cha mtoto, alikuta shuka imechorwa weupe, mstari wa chumvi uliozunguka pale mwili ulipolala. Alitazama akidhani macho yanamdanganya. Kendi alikuwa wa darasa la pili, mdogo kama kifaranga. Mchoro ule ulianza kwenye mto ukafika mwisho wa godoro, mabega mapana, miguu mirefu iliyokunjwa kwa kukosa nafasi.

Alimwonyesha mumewe. Mawira aliikunja shuka haraka, akaiweka kwenye beseni.

"Ni jasho," alisema.

"Mtoto asiyetoa chozi atatoa jasho?"

"Mama Kendi, wacha."

Hapo ndipo Kiende alipoanza kumtazama mumewe kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha.

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera. Katika ua mmoja nao aliishi Margaret, Mturkana, muuza makaa, mama wa mtoto mmoja wa kiume. Ni Mawira aliyemtafutia kijana huyo kibarua kiwandani. Walikula sahani moja, wakataniana, kijana akimwita Mawira "bosi" kwa mzaha kwa sababu wote wawili walipewa ovaroli za rangi moja. Kisha Mawira alileta habari kwamba kijana ameondoka ghafla, amekwenda Lokichar kutafuta kazi ya mafuta. Margaret alisikitika, akakubali. Aliwaomba majirani kitu kimoja: wasimtaje mwanawe kwa jina mpaka apige simu mwenyewe, kwa maana jina la msafiri likiitwaitwa humvuta miguu. Hata yeye, aliyekuwa Mama Fulani kama wanawake wote, akabaki Margaret tu. Jina likanyamaza ua mzima, na simu haikulia.

Tangu hapo Mawira alimkwepa. Margaret akija na makaa, Mawira anaingia bafuni. Akimwona njiani, anazunguka nyuma ya kanisa. Mwanaume anayemkwepa mwanamke, Kiende aliwaza, ama anamtaka ama anamwogopa.

"Margaret amekufanyia nini?" alimuuliza, akijaribu kucheka. "Ama wewe ndiye umemfanyia?"

Mawira aliweka kijiko chini, wala hakumaliza chakula.

Jioni ile Margaret alifika mlangoni na debe la makaa. Kendi alikuwa amelala kwenye mkeka, macho nusu wazi, na midomo yake iliyopasuka ikatoa neno ambalo Kiende hakulijua.

"Ngakipi."

Debe likamponyoka Margaret.

"Nani amemfundisha?"

"Kumfundisha nini?"

"Anaomba maji. Kwa lugha yetu." Margaret alipiga magoti, akainamisha sikio. Mtoto alinong'ona tena, maneno mengi, mazito, yaliyotoka mbali kuliko kifua chake kidogo. Margaret akajifunika mdomo kwa kanga. "Anasema kuna giza," alisema taratibu. "Anasema kuna giza, na joto linaanza kuja kutoka chini. Mama Kendi, huyu mtoto ameona nini?"

Kiende alijua pa kulitafuta jibu la swali hilo.

Mchana wa siku iliyofuata alimwachia Margaret mtoto, akapanda boda hadi kiwandani. Mlinzi wa geti alikuwa Mutembei, mtu wa kwao Meru, mwenye shavu lililojaa miraa.

"Aii, Mama Kendi! Umemletea mzee chakula, na sisi wengine tufe njaa?"

"Mutembei, nani husafisha lile pipa ndani?"

Kicheko kikamtoka Mutembei usoni. Alitazama nyuma, ambako mvuke ulipanda mweupe juu ya bati na kuyeyuka katika jua kali la Isiolo. "Chumvi ikigandamana, mashine inazimwa, kibarua anaingia na patasi anaibandua. Ndiyo kazi."

"Wa mwisho kuingia alikuwa nani?"

"Si ni yule kijana wa jirani yenu?"

"Alitoka?"

"Mawira alisema alitoka." Alitema miraa. "Lakini mimi niko geti, mama, na kwa geti hakupita. Mawira alifunga mlango wa pipa, akafungua mvuke, na mashine ikaanza kugonga. Nikamuuliza. Akasema ni chumvi inapasuka. Na ni kweli, chumvi hupasuka ikipata moto. Akasimama pale mkono juu ya vali, akisikiliza, akisikiliza. Hakuizima." Sauti yake ikashuka. "Mimi pia nilisikia. Chumvi haigongi ikanyamaza ikingoja jibu."

"Na baadaye?"

"Baadaye chumvi ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Tukaambiwa tuitie kwa magunia. Usiniulize tena, nina watoto."

Kiende hakupitia nyumbani. Alikwenda kwa Mzee Roba, fundi cherehani wa nyuma ya msikiti, ambaye watu wa dini zote walimwendea kwa shida za namna hii wakisingizia kupunguza suruali. Mzee alimsikiliza bila kusimamisha cherehani.

"Uliambiwa kinachopanda ni maji peke yake," alisema. "Na roho ni kitu gani? Si pumzi? Kitu chepesi hupanda na vyepesi wenzake. Sasa kimekaa kwa mtoto wako na bado kina kiu. Twende."

Jua lilikuwa linazama walipoingia. Mzee Roba alitoa salamu mlangoni, akasita, akaziba pua. Nyumba nzima ilinuka ngozi mbichi. Margaret alikuwa amempakata Kendi. Kiende akaombwa kaa la moto, akalileta, na ubani ukawekwa juu yake, na Mzee akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na moshi ambao ungepaswa kupanda uliinama, ukatambaa sakafuni kama unaotafuta mlango, ukaifikia jerikeni ya njano na kuizunguka, na jerikeni ikaanza kuvimba, taratibu, mbele ya macho yao, huku kuta zikitoka jasho na vioo vya dirisha vikifunikwa ukungu kwa ndani, na joto likapanda kutoka sakafuni, kutoka chini, kutoka chini ya nyayo zao, mpaka Kiende akahisi kwamba wote wako ndani ya pipa na kuna mtu nje aliyeshika vali.

Mlango ukafunguliwa. Mawira, na jerikeni nyingine mkononi.

Kendi akakaa wima. Sauti iliyomtoka haikuwa yake. Ilikuwa ya mwanaume, changa, yenye mzaha uliokuwa unaanza kuogopa.

"Bosi. Bosi, fungua."

Jerikeni ikamponyoka Mawira, maji yakamwagika miguuni mwake yakitoa moshi. Margaret hakusonga. Alimtazama mtoto aliyempakata, kisha Mawira, kisha mtoto.

"Anaitwa nani?" Mzee Roba akauliza. "Mwenye kumfungia ndiye amwite. Akiitwa atageuka. Kama atatoka ama ataitika, hilo siahidi. Asipoitwa, atamnywa huyu mtoto mpaka aishe."

"Ni jini tu," Mawira alisema. "Wa jangwani. Mimi sijui jini."

Mdomo wa Kendi ukapasuka katikati, na damu haikutoka. Ilitoka chumvi.

"Mawira," Kiende alisema. Tangu binti yao azaliwe hakuwahi kumwita hivyo. "Ni huyu mtoto ama ni wewe. Chagua."

Mawira aliweza kumtazama kila mtu chumbani isipokuwa Margaret. Kifua cha Kendi kilipanda, kikashuka, kikachelewa kupanda tena.

Ndipo Margaret alipozungumza, kwa upole uliowatisha kuliko moshi.

"Mtaje," alisema. "Mimi ndiye nilikataza. Sasa mimi mama yake nasema, mtaje."

Mawira akapiga magoti ndani ya maji.

"Esekon."