Hakujitoa Kitabuni

Haya yalimpata jirani yetu wa mlango wa tatu, mtu mzima mwenye akili zake timamu, asiyekunywa wala kupenda porojo. Tulimwita Mkaguzi, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake na ndiyo ilikuwa tabia yake. Jarida moja la wasafiri lilimtuma hoteli baada ya hoteli, awaandikie wale watu ambao hata wakiwa ugenini lazima wakimbie na kunyanyua vyuma kabla ya chai. Akifika, anahesabu vyuma. Anaangalia kama mashine inayumba. Ananusa taulo. Kisha anatoa alama juu ya kumi, na hakuna hoteli iliyowahi kupata kumi. Hata ukimkaribisha chai kwako, utamwona anakipima kikombe kwa jicho.

Mkewe alikuwa amefariki miezi kumi na moja nyuma. Alianguka jikoni, moyo ukasimama, basi. Mkaguzi alizika, akapokea pole, akarudisha viti vya watu. Hakulia. Tukasema atalia watu wakishaondoka. Watu wakaondoka, hakulia. Alikula, alilala, alikwenda kazini, na ukimuuliza habari alijibu "salama" kama anayejibu kwa niaba ya mtu mwingine.

Aliyehangaika ni mtoto wao wa miaka saba, Kibogoyo tulivyomwita, maana meno mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka na yeye mwenyewe alijivunia pengo lake. Tangu mama yake aondoke alijizoesha jambo moja. Kabla ya kulala humlaza baba yake chali, anaweka sikio upande wa kushoto wa kifua, anasikiliza moyo. Akiusikia anasema, "Upo," ndipo anakwenda kulala. Asipousikia halali. Mama yake mdogo, aliyehamia pale kumlea, alijaribu kumwachisha akashindwa. Baba akisafiri, mtoto alisikiliza mara mbili, moja ya leo na moja ya kesho.

Safari hii alisikiliza akakunja uso.

"Unapiga polepole, baba."

"Ndiyo mazoezi hayo. Moyo wa mtu wa mazoezi hauna haraka."

"Usiusahau huko."

"Moyo hausahauliki, mwanangu."

Alifika hotelini saa kumi alasiri, baada ya saa sita za basi. Alipewa chumba cha ghorofa ya tatu. Godoro gumu, zuri kwa mgongo. Maji ya moto yalifika baada ya dakika moja na nusu. Dirisha lilifunguka bila kulazimishwa. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari lake dogo, na ni kwa daftari hilo sisi tunayajua haya. Kisha akavaa viatu vya kukimbilia, akashuka ngazi hadi chini kabisa ya jengo, iliko jimu, chumba cha mazoezi.

Mlangoni palikuwa na meza, juu yake kitabu kikubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Nyuma ya meza mama mmoja mwenye mvi alikuwa anakunja taulo.

"Karibu, baba. Jiandike. Jina na saa ya kuingia."

Akajiandika.

"Ukimaliza ujitoe. Uandike saa ya kutoka kwa mkono wako mwenyewe. Mimi siruhusiwi kukuandikia."

"Nikisahau?"

Yule mama aliacha kukunja. "Usisahau," akasema kwa sauti ya chini.

Sasa, Mkaguzi alikuwa na mtego wake wa kazi. Kila jimu yenye kitabu, alijiandika kuingia na kwa makusudi hakujitoa. Alirudi chumbani akakaa karibu na simu. Je, kuna atakayepiga kuuliza yule mgeni wa saa kumi yuko wapi? Mtu akizimia peke yake juu ya mashine, ni kitabu hicho tu kitakachomwokoa. Hoteli iliyopiga ilipata alama yake kamili. Isiyopiga ilikatwa moja. Kwa miaka tisa, waliopiga ni wawili.

Akafunua kurasa za nyuma. Kila ukurasa ulianza na majina yaleyale matatu, kwa mwandiko wa yule mama. Saa ya kuingia ipo. Ya kutoka, hakuna.

"Hawa ni wafanyakazi?"

"Ni wageni. Hawajajitoa."

"Tangu lini?"

"Mimi niliajiriwa nikawakuta," akanong'ona. "Kila asubuhi nawanakili ukurasa mpya."

Hakucheka. Mkaguzi akaandika: Mhudumu ana mzaha mkavu.

Ndani palikuwa safi kuliko jimu zote alizowahi kuingia. Vyuma jozi kumi na mbili, vimepangwa kwa uzito. Mashine sita za kukimbilia, zote zimetazama kioo kilichofunika ukuta mzima. Hapakuwa na mtu. Lakini mashine tatu zilikuwa zimetundikwa taulo. Akaigusa moja. Ilikuwa mbichi kwa jasho, tena ya moto. Akaandika: Taulo zilizotumika haziondolewi. Kata nusu.

Alipanda mashine ya mwisho, karibu na mlango. Kanuni yake ilikuwa dakika thelathini. Kwa kuwa hapakuwa na televisheni, alijitazama kiooni: kovu lake juu ya jicho la kushoto, saa yake mkono wa kushoto, miguu inapokezana. Dakika kumi zikapita. Hakuchoka. Hakufurahi. Siku hizi ndivyo alivyokuwa.

Dakika ya kumi na mbili aliona uso wake umelowa. Si jasho. Machozi, yanateremka mawili mawili. Akajipangusa shavu. Shavu lilikuwa kavu.

Kule kiooni, mkono haukuinuka.

Akabonyeza kitufe. Mkanda ukapunguza mwendo, ukasimama. Yeye akasimama.

Yule wa kiooni hakusimama.

Alikimbia. Alilia. Mdomo ulifunguka na kujifumba bila sauti, na Mkaguzi aliweza kuusoma. Lilikuwa jina la mkewe. Nyuma ya yule aliyelia, kwenye mashine zenye taulo, walikimbia wengine watatu. Hawakugeuka.

Mkaguzi alijua kwamba hapa mtu huogopa. Aliutafuta woga kama mtu anavyotafuta funguo mifukoni. Haukuwepo. Yule mwingine akashuka kwenye mashine yake, akaja mbele, akaweka kiganja kwenye kioo. Kioo kikafanya ukungu kwa upande wa ndani. Macho yalimwomba kitu.

Mkaguzi akaandika: Kioo, safi.

Akatoka. Mezani yule mama hakuwepo. Kitabu kilikuwa wazi, kalamu pembeni. Aliitazama ile kalamu kitambo. Kazi ni kazi. Akapanda ngazi, akakaa kitandani karibu na simu hadi chakula cha jioni. Hakuna aliyepiga. Akakata alama moja, akampigia mtoto, akamwambia kesho atarudi. Kesho yake akarudi.

Kibogoyo alimsubiri kizingitini. Hakungoja hata usiku. Alimvuta baba yake hadi kwenye kochi, akamlaza, akaweka sikio. Akasikiliza. Akaendelea kusikiliza. Mama mdogo aliyekuwa akichambua mchele aliinua kichwa.

"Vipi, upo?"

"Haupo."

"Acha utani, wewe."

"Haupo, mamdogo. Kuna mtu anakimbia."

Mama mdogo akaweka ungo chini, akaja, akaweka sikio lake. Anasema alingoja mapigo ya moyo wa shemeji yake na hakuyapata. Alisikia miguu. Puu, puu, puu, juu ya mpira, mbali sana. Na mtu anahema. Na katikati ya kuhema, kwikwi.

"Uliusahau," mtoto akasema. "Nilikwambia usiusahau."

Alilia hadi sauti ikakauka. Mkaguzi alikaa akimtazama. Usiku huo aliandika mstari wa mwisho wa daftari: Mtoto analia mbele yangu na siumii. Narudi kujitoa. Akaliacha daftari juu ya meza, akaondoka na basi la kwanza.

Kuanzia hapo ni habari ya mama mdogo.

Anasema shemeji yake alirudi kesho yake jioni. Alibisha hodi, ilhali ufunguo alikuwa nao. Alipofunguliwa alipiga magoti palepale mlangoni akamkumbatia mwanawe, akalia. Alilia kilio cha miezi kumi na moja. Alilitaja jina la mkewe, akalirudia, akaomba radhi kwa viti, kwa chai, kwa kila "salama" aliyowahi kusema. Sisi majirani tulimsikia ukutani. Tulitazamana tukasema afadhali, sasa atapona. Kwa kweli tulifurahi.

Mama mdogo naye alifurahi, hadi alipomletea chai. Alikishika kijiko kwa mkono wa kushoto. Shemeji yake hakuwa wa kushoto. Saa ilikuwa mkono wa kulia. Na lile kovu, lililokuwa juu ya jicho la kushoto tangu siku ya harusi ya dada yake, lilikuwa juu ya jicho la kulia.

Aliliweka sinia polepole. Akatoka na simu hadi kwenye ngazi, akaitafuta namba ya hoteli, akaomba aunganishwe na mama wa taulo aliyemsoma daftarini.

"Alikuja," yule mama akanong'ona. "Mtu hajitoi akiwa nje. Alijiandika tena, akaingia. Baada ya nusu saa mmoja akatoka, akajitoa."

"Sasa si amejitoa?"

"Mwandiko umegeuka. Unausoma kwa kioo."

"Na aliyeingia?"

Nyuma ya yule mama ilisikika mashine.

"Mama," akasema, "asubuhi hii nimenakili majina manne."

Mama mdogo alirudi ndani mbio. Chumbani, mtu yule alikuwa amelala chali, uso umelowa. Kibogoyo alikuwa ameshaweka sikio, upande wa kushoto, kama siku zote. Mama mdogo alisimama mlangoni, mikono tayari kumnyakua mtoto. Mtoto alikunja uso. Hakusikia kitu. Akakaa kidogo. Kisha akahamisha sikio upande wa kulia.

"Upo," akasema.

Akaenda kulala.

Sasa ni mwezi wa nne. Wanaishi vizuri, siwezi kusema uongo. Anamchana mtoto nywele, anamsindikiza shuleni, anacheka hadi anashika mbavu, na akimkumbuka mkewe analia kama binadamu. Kazi ya jarida ameacha. Hapiti mbele ya kioo cha dukani bila kuinamisha kichwa.

Lipo jambo moja tu. Kwenye kioo cha bafuni kwao kumetokea ukungu wenye alama ya kiganja, vidole vitano, cha mtu mzima. Mama mdogo alikipangusa kwa kitambaa. Akapangusa kwa siki. Ndipo alipogundua kwamba ukungu ule uko upande wa ndani. Akasogeza uso karibu, na kiganja cha pili kikatokea kando ya kile cha kwanza.

Kibogoyo alikuwa amesimama nyuma yake na mswaki mkononi. Meno mapya yalikuwa yameanza kuchomoza.

"Huwa anagonga asubuhi," mtoto akanong'ona. "Usimfungulie, mamdogo. Huyu wa sasa analia."